Lifti inapopiga teke kwenye ukaguzi: soma dalili kabla hujagusa springi

Mafundi wengi wakiambiwa lifti inapiga teke, yaani inashtuka kwa nguvu inaposimama, mkono hukimbilia spana, na spana hukimbilia nati za springi za breki. Nati zikilegezwa kabini inasimama laini, mwenye jengo anaridhika, fundi analipwa. Kilichopungua ni nguvu ya kuishika kabini siku itakayojaa watu. Springi ni za kushika. Ulaini hutafutwa kwenye inveta, kifaa kinachoongoza mwendo wa mota, kwenye mpangilio wa muda na kwenye umeme wa koili inayofungua breki, na dalili zenyewe ndizo zinazokuonyesha uanzie wapi.

Nazungumzia lifti za kamba, zenye mota na uzito wa kusawazisha upande wa pili, kama zilivyo katika hoteli na magorofa mengi ya hapa Malindi. Za haidroli husimamishwa na vali, na mambo yake ni mengine. Na ukaguzi ninaousema ni ile hali ambayo fundi huiendesha lifti pole pole kwa vitufe akiwa juu ya paa la kabini.

Breki inayojifunga yenyewe

Springi ndizo zinazobana viatu vya breki kwenye dramu, au pedi kwenye diski kwa mashine zisizo na giaboksi. Stima kazi yake ni kufungua tu: koili ikipata umeme inavuta plunja, kile chuma kinachosogea ndani yake, springi zinarudishwa nyuma, na mwanya mwembamba unapatikana kati ya lainingi, yaani uso wa kiatu unaosuguana, na dramu. Stima ikipotea, breki inajifunga bila kuamrishwa na mtu. Kwa hiyo breki inayosita kufungua ni usumbufu, lakini inayosita kufunga ni hatari. Ukikuta zote mbili kwenye jengo moja, unajua uanze na ipi.

La pili ni hesabu ya uzito, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Uzito wa kusawazisha hupangwa uwe sawa na kabini tupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wa juu kabisa. Chukua lifti ya watu 8, ya kilo 630, ambayo kabini yake tuseme ina kilo 800. Kwa asilimia 50, upande wa pili una kilo 1,115. Kabini ikiwa tupu, inazidiwa kwa kilo 315. Breki ikiachia, kabini hiyo inapanda. Haianguki, inapanda, na inaongeza mwendo kila sekunde. Ukisimama juu ya paa lake na kilo zako 75, bado kilo 240 zinakuvuta kuelekea dari la shimo.

Sasa geuza. Kiwango cha Ulaya EN 81-20, ambacho watengenezaji wengi hukifuata, kinataka breki peke yake iweze kuisimamisha kabini inayoshuka kwa mwendo wake kamili ikiwa na asilimia 125 ya mzigo. Kwa lifti yetu hiyo ni kilo 787 na nusu, na tofauti ya pande mbili inafika kilo 472 na nusu. Springi zilizolegezwa mpaka kabini tupu ikasimama laini hazijaulizwa swali hilo.

Kabla hujapanda juu ya paa la kabini

Sitakaa sana hapa kwa kuwa kila kampuni ina utaratibu wake, ila mpangilio huu hauruki hatua. Fungua mlango wa ghorofa, bonyeza kitufe cha kusimamisha kilicho juu ya paa ukiwa bado umesimama sakafuni, funga mlango, mwambie mwenzako aiite lifti. Isiende. Fungua tena, geuza swichi iwe kwenye ukaguzi, achilia kitufe cha kusimamisha, funga, iitwe tena. Isiende. Bonyeza tena kitufe cha kusimamisha, ndipo upande. Ukishafika juu jaribu vitufe: kabini isogee kwa kushikilia vitufe viwili pamoja, cha mwendo na cha upande unaoutaka, na isimame ukiachia chochote kati ya hivyo.

Aliye juu ya paa ndiye anayeendesha, na aliye chumba cha mashine hagusi kitu bila kuambiwa. Maneno yawe machache na yarudiwe.

"Kaka, nashuka!"

"Shuka, nimekusikia."

"Nimesimama. Nimebonyeza."

"Umesimama, umebonyeza. Sawa."

Asiyejibu hajasikia, na kabini haiendi.

Waya za kuruka kwa muda swichi za mlango au kufuli ziwe za rangi kali, zimepewa namba, na zihesabiwe wakati wa kuingia na wa kutoka. Swichi ya breki haipewi waya wa namna hiyo kabisa, nitaeleza kwa nini.

Dalili: teke unapoachia kitufe

Swali la kwanza ni nani aliyeisimamisha kabini. Kwenye lifti yenye inveta, mota ndiyo inayopunguza mwendo mpaka sifuri, halafu breki inadondoka juu ya dramu iliyokwisha simama. Hapo breki ni ya kushikilia tu na husikii kitu. Kwenye lifti za zamani zenye mota ya mwendo wa aina mbili, breki yenyewe ndiyo inayosimamisha, na mshtuko kidogo ni maumbile yake.

Fanya vituo vya namna tatu kisha ulinganishe. Iache lifti iende safari ya kawaida, uisikilize ukiwa ndani inapofika ghorofani. Kisha ukiwa juu ya paa, iendeshe na uachie kitufe. Mwisho, iendeshe na ubonyeze kitufe chekundu cha kusimamisha.

Teke likiwa kwenye kitufe chekundu peke yake, liache lilivyo. Kitufe hicho kinakata mnyororo wa usalama, yaani mfululizo wa swichi za usalama, mota na koili zinapoteza umeme papo hapo, na breki inaikamata kabini ikiwa kwenye mwendo. Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye jengo akilalamika, mweleze kwamba siku anakihitaji kitufe kile hatataka kisimamishe pole pole.

Ikiwa safari ya kawaida ni laini na kuachia kitufe kunapiga, tazama mipangilio ya ukaguzi kwenye inveta. Ipo ya namna mbili. Kuna kontrola (vifaa vinavyoamrisha lifti) zinazompa fundi mteremko mfupi wa kupunguza mwendo anapoachia kitufe, na huenda mteremko huo umewekwa mfupi mno au umezimwa. Kuna nyingine zimeundwa zikate mara moja, makusudi, na hizo hazina mteremko wa kurekebisha. Kwa hizo punguza mwendo wa ukaguzi. EN 81-20 inaruhusu usizidi mita 0.63 kwa sekunde, na pale nafasi juu ya paa au chini kwenye kina cha shimo inapobaki mita 2.0 au chini ya hapo, usizidi mita 0.30. Nishati ambayo breki inaimeza hufuata mraba wa mwendo: ukitoka 0.63 kwenda 0.30, breki inapokea chini ya robo ya kazi iliyokuwa ikipokea. Teke linapungua na hukugusa nati hata moja.

Usiurefushe mteremko mpaka ukazidi, maana ulaini nao unakula nafasi. Kwa mita 0.63 kwa sekunde, kabini inayopungua mwendo kwa kiasi cha mita 1 kwa sekunde kila sekunde inasafiri kama sentimita 20 kabla ya kusimama. Ukipunguza ukali huo nusu, ni sentimita 40. Ukiwa juu ya paa karibu na dari, hizo 20 za ziada ni za kichwa chako.

Teke likiwa kila mahali, hata kwenye safari ya kawaida, breki inafunga kabla mota haijafika sifuri. Sikiliza kwa makini: mlio wa breki utausikia kabla ya kabini kutulia. Ongeza muda wa mota kuishikilia kabini kwenye mwendo sifuri, au chelewesha amri ya kufunga breki, hatua ndogo ndogo, ukijaribu kabini tupu ikipanda na ikishuka. Kama kuongeza muda hakusaidii, huenda enkoda, kifaa kinachoiambia inveta mota inazungukaje, inadanganya kuhusu sifuri: kibano chake kimelegea au waya wake una mkatiko. Katika hewa ya chumvi viunganishi vya enkoda huharibika mapema kuliko enkoda yenyewe.

Dalili: inarudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka

Unabonyeza kushuka, kabini inapanda sentimita mbili tatu, ndipo inashuka. Breki imefunguka kabla mota haijabeba mzigo. Uzito wa upande wa pili ukaona nafasi. Chelewesha amri ya kufungua mpaka mota iwe na nguvu kwanza, au kagua kipima mzigo kilicho chini ya kabini kama kipo, kwa sababu ndicho kinachoiambia inveta ianze na nguvu kiasi gani. Kipima mzigo kilichoacha kufanya kazi hutoa dalili hii kwa kabini tupu na kuificha kabini ikiwa na mzigo wa wastani, kwa hiyo mlinzi atakwambia asubuhi inaruka na mchana haina neno. Mwamini.

Kinyume chake ni mshtuko wa kuondoka: kabini inang'ang'ania, halafu inachomoka. Hapo breki imechelewa kufunguka na mota imekuwa ikisukumana nayo. Kabla ya kubadilisha muda, pima koili.

Dalili: breki haifunguki vizuri, kuna harufu ya kuungua

Dramu inakuwa ya moto, lainingi inanuka, inveta inaonyesha hitilafu ya mkondo kuzidi. Breki inaburuta.

Weka mita kwenye ncha za koili wakati kabini inaendeshwa na mwenzako. Stima yetu ni volti 240. Ikipita kwenye daraja kamili la diodi inatoa kama volti 216 za mkondo mnyoofu. Kwenye nusu daraja kama 108. Mifumo mingi huipa koili volti kamili wakati wa kuvuta, kisha huzishusha karibu nusu kwa kushikilia ili isichemke. Kwa hiyo usomaji wako uwe na hatua mbili: juu kwa muda mfupi, halafu chini. Ukianza chini tangu mwanzo, plunja haivutwi mpaka mwisho. Ukibaki juu daima, koili inachemka, na siku moja itaungua. Linganisha na kibati cha koili, si na lifti ya jirani.

Volti zikiwa sawa, pima mwanya kwa fila geji. Mashine nyingi zinataka sehemu za milimita, kati ya 0.2 na 0.5 hivi, lakini kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Lainingi ikilika mwanya wa koili unakua, na koili haina nguvu ya kuvuta kutoka mbali. Pima pande zote mbili na juu na chini ya kila kiatu. Kiatu kimoja kikigusa na mwenzake akiwa wazi, breki inaburuta upande mmoja hata kama wastani wa mwanya ni mzuri.

Jengo linalokwenda kwa jenereta lipimwe mara mbili, kwenye stima na kwenye jenereta. Nimeona breki iliyo salama kabisa mchana ikiburuta usiku kwa sababu jenereta ilikuwa imelemewa na viyoyozi.

Dalili: inateleza, inachelewa kusimama

Hii ndiyo ya kufungia lifti hapo hapo. Watu wasipande mpaka chanzo kijulikane.

Chukua chaki. Kabini ikiwa imesimama, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye kamba hadi kwenye puli, gurudumu la mashine linalovuta kamba, na mwingine kutoka kwenye dramu hadi kwenye fremu ya mashine. Iendeshe kwa ukaguzi, isimamishe kwa kitufe chekundu, rudi kwenye alama na ukague kwa kurudia mwendo uleule. Puli ikisimama huku kamba zikiendelea kupita juu yake, breki haina kosa: mifereji ya puli imelika, au kuna mtu amepaka kamba grisi akidhani anazihifadhi na kutu. Puli ikiendelea kuzunguka baada ya breki kufunga, tatizo ni breki.

Breki ikiwa ndiyo, angalia mafuta kwanza. Sili ya giaboksi ikivuja, mafuta hutambaa kwenye shafti mpaka kwenye dramu. Lainingi iliyokunywa mafuta haioshwi kwa petroli ikarudishwa. Inabadilishwa, na sili inabadilishwa siku hiyohiyo. Lainingi iliyong'aa kama kioo kwa joto inaweza kupigwa msasa mwepesi ikiwa unene wake bado unatosha. Usipulizie vumbi lake kwa kompresa. Lainingi za zamani huwa na asbesto, na hata zisizo nayo, vumbi hilo si la kuvuta. Panguza kwa kitambaa chenye maji.

Kisha kuna kuchelewa kusikoonekana kwa macho, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuwaonyesha vijana. Koili ikikatiwa umeme, haitulii mara moja. Mkondo uliobaki ndani yake hutafuta njia. Kama sambamba na koili kuna diodi peke yake, au kama kontakta, swichi inayowasha na kukata umeme wa koili, inakata upande wa kabla ya daraja la diodi, mkondo huzunguka humo na kufa pole pole, na plunja inaachia taratibu. Kufunga kunakuwa kimya na laini, kila mtu anasifu. Lakini fanya hesabu: kwa mita 0.63 kwa sekunde, kuchelewa kwa sekunde 0.2 ni sentimita 12 hadi 13 kabla lainingi haijagusa dramu. Kuchelewa nusu sekunde ni sentimita 31 na nusu. Na hapo hatujaongeza mwendo ambao uzito wa upande wa pili umeupata wakati huo hakuna anayeushika. Ndiyo maana kontrola nyingi hutumia njia mbili: kusimama kwa kawaida kunakatwa kabla ya daraja ili kuwe kimya, na kusimama kwa dharura kunakatwa baada ya daraja, upande wa koili, na varista, kifaa cha kumeza volti zinazoruka ghafla, ikibeba mshindo. Fundi aliyebadilisha kontakta iliyoungua akaunganisha waya upande mmoja tu, ameondoa breki ya haraka na ameacha ya kimya. Ukikuta lifti ambayo kitufe chekundu kinasimamisha laini kama safari ya kawaida, fungua mchoro wa umeme ufuate waya wa koili kwa kidole.

Baada ya msimu wa masika

Hili ni letu la pwani. Watalii wakipungua kuanzia Aprili, hoteli nyingi hufunga au hupunguza kazi, lifti inasimama wiki nyingi, na kusi inaleta hewa ya bahari mpaka ndani ya chumba cha mashine juu ya paa, hasa kama matundu yake ya hewa yanatazama ufukweni. Ukifungua breki ya mashine iliyolala hivyo unakuta dramu ina chapa ya kutu yenye umbo kamili la kiatu, kingo zake zimechorwa wazi, na katikati lainingi imegandana na chuma.

Safari za kwanza hukamata kwa ghafla, halafu unga wa kutu ukidondoka breki inabadilika tena. Usirekebishe chochote katika hali hiyo. Kabini ifungwe isisogee, dramu isuguliwe kwa msasa laini, ipanguzwe kavu, ndipo upime. Dramu ni ya kuonekana, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni pini na plunja. Kutu ndani ya plunja huifanya ing'ang'anie ikiwa imevutwa, yaani breki inabaki wazi wakati umeme umekwisha. Breki ikibidi kufumuliwa ili isafishwe, ifumuliwe upande mmoja kwa wakati mmoja, na kabini au uzito wa kusawazisha uwe umeegemezwa au kuning'inizwa, maana ukiondoa pande zote mbili hakuna kilichobaki kushika.

Swichi ndogo inayoangalia kama kiatu kimefunguka nayo hula chumvi. Kontrola inakataa kuondoka, na kishawishi cha kuipitishia waya ni kikubwa kwa sababu lifti inaondoka mara moja. Swichi hiyo ndiyo inayogundua kwamba kiatu kimoja kimekwama wazi huku mwenzake akibeba kazi peke yake. Ibadilishe. Ikibidi kuagiza Mombasa, lifti isubiri gari la Mombasa.

Kufungua breki kwa mkono

Kabini imekwama kati ya ghorofa, kuna watu ndani. Zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli kwanza, kisha zungumza na waliomo: wakae mbali na mlango, wajue kabini itasogea. Hakikisha milango yote ya ghorofa imefungwa. Shika mpini, fungua kidogo, achia. Fungua, achia. Tazama kamba au alama ya puli, usitazame mpini. Kabini yenye mtu mmoja au wawili itapanda, iliyojaa itashuka, yenye nusu ya mzigo inaweza isisogee kabisa, na hapo usiendelee kushikilia ukingoja, tumia gurudumu la mkono kama lipo.

Mashine zisizo na giaboksi huchomoka haraka kuliko za giaboksi. Nyingi hufunga nyaya za mota pamoja stima inapokatika, mota ikawa inajizuia yenyewe, lakini usilitegemee hilo mpaka umeliona kwenye mchoro wa mashine hiyo. Mpini ukiachiwa na breki isifunge kwa mlio unaoujua, acha hapo hapo.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka lifti ichunguzwe kwa kina na mtu aliyeidhinishwa kila miezi 6. Mchunguzi akifika, kitabu cha lifti kilichomo chumba cha mashine kimngoje na tarakimu: urefu wa kila springi kushoto na kulia, mwanya wa kila kiatu, volti za kuvuta na za kushikilia, umbali wa kusimama kabini tupu ikipanda, na tarehe. Chora pia mstari wa rangi unaovuka nati na shafti ya springi. Mstari ukikutwa umekatika na kitabuni hakuna maandishi, mtu amelegeza, na jaribio la mzigo linarudiwa kabla lifti haijafunguliwa kwa wageni.